Mungu Amlipe Silvano

Jumapili, 23 Mei 1965

Mikanda ya bluu imebaki michache. Cherehani inakwaruza tangu juzi ingawa nimeitia mafuta. Kila anayekwenda kuhiji Namugongo, kwa mashahidi, atavaa mkanda mmoja begani, tusipotezane huko Uganda kwenye umati. Leo ni siku ya Bwana, kwa hiyo sishoni, napiga pasi tu. Nitaiungama na hiyo pasi.

Baada ya misa Katekista Paskali akatangaza kwamba ngoma kubwa itapigwa na Silvano wa kigango cha Iguhu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Silvano ni mkwe wangu. Alimwoa binti yangu Skolastika. Skola yuko chini ya udongo mwaka wa tatu sasa.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia pole pole, mama.

Mkanda wake nitaushona mimi mwenyewe. Sitaupiga pindo. Ufumuke.

Jumatano, 26 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mvua kama hii ndiyo iliyonyesha siku ile.

Skola alishikwa na uchungu mapema. Nyumbani kwao alikuwa yeye, wifi yake, na mkunga. Mkunga akaona damu, akasema abebwe haraka apelekwe hospitali. Wanaume wote wa kubeba machela walikuwa uwanjani kwenye mchezo wa mafahali. Fahali wa Silvano alikuwa akipigana siku hiyo. Wifi akakimbia kumwita. Silvano akaja amechelewa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, msichana, mzima. Binti yangu akafia njiani kwenye machela, matope yakiwafika wabebaji magotini.

Swali langu ni moja tu. Aliambiwa? Siku ya matanga wifi alisema alimfikishia habari. Baadaye akasema umati ulikuwa mkubwa, hakumpata. Halafu akaolewa Matete na maneno yakaishia hapo. Silvano mwenyewe hajafungua kinywa.

Nami siwezi kumuuliza. Mama mkwe hasemi na mkwewe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hampi mkono. Nikimwona barabarani nageukia ua. Akiniona anashuka mtaroni. Mila nzuri sana kwa mwanamume mwenye la kuficha.

Mtoto yuko kwake. Anaitwa Skola kama mama yake. Nimemwona mara chache, akiletwa na watu. Ana paji la uso la mama yake.

Fahali yuko hai. Amenenepa, wanasema.

Ijumaa, 28 Mei

Kuungama. Nilitaja pasi, nilitaja kumsengenya Mama Felista jirani yangu. Silvano sikumtaja. Padre wetu ni Mholanzi, Kiswahili chake amekisoma vitabuni, kisafi kama shuka la hospitali. Angesema nisamehe. Sitaki kuambiwa nisamehe kabla mtu hajaniuliza nilikosewa nini.

Paskali amesema kila mmoja apeleke nia yake moja kwa mashahidi. Atazitamka yeye kwa sauti katika misa yetu kule. Mama Felista nia yake ni mwanawe apate kazi ya serikali. Uhuru umekuja, anasema, viti vya Wazungu viko wazi, mbona mwanangu asimame?

Mimi nataka Silvano alipwe. Nataka alie mpaka koo likauke. Nimeamua kuipeleka hiyo kwa mashahidi. Wale walichomwa moto, hawatashtuka wakisikia mtu anaomba moto. Lakini Paskali hawezi kutamka laana mbele ya altare. Lazima niivishe nguo ya kanisani.

Nguo nimeipata. Siku ya mazishi Bi Zuhura alikuja kutoka Mumias, yeye ndiye huniuzia leso na vitambaa tangu zamani. Alinishika mkono akasema, "Mwachie Mungu, dada yangu. Mungu atamlipa." Macho yake yalikuwa makavu. Nilielewa, na yeye alielewa kwamba nimeelewa.

Basi nia yangu ni hii: Mungu amlipe Silvano kwa yote aliyomtendea Skolastika.

Nimeirudia nikikata uzi. Haina doa. Paskali ataitamka bila kugugumia, Silvano ataisikia na magoti yatamlegea. Leo nimekula nikashiba.

Jumatatu, 31 Mei

Tumeondoka. Lori la misheni, turubai juu, mabenchi pande zote mbili. Paskali alihangaika sana na mimi na Silvano. Mkwe na mama mkwe ndani ya lori moja, siku mbili! Mwishowe mimi nikaketishwa mbele karibu na kichwa cha lori, uso kwa dereva. Silvano nyuma kabisa, miguu ikining'inia nje. Katikati wakasimamisha ngoma kubwa na magunia ya unga. Wanawake walicheka. Mimi sikucheka.

Simwoni lakini namsikia. Kila wimbo ngoma yake inanipiga mgongoni. Anapiga vizuri, shetani yule.

Mumias tulisimama. Bi Zuhura alikuja na birika la chai na mahamri. As-salamu alaykum kwa wote, hata kwa Padre. Tulipoondoka akasema, "Mungu awalipe kwa safari yenu." Wote wakasema asante. Nikawaza tu kwamba mama huyu ana neno moja la kila kazi.

Mpakani Busia askari alitaka kujua tunakokwenda. Padre pekee ndiye aliyeonyesha kitabu cha safari. Sisi tuliambiwa tupite, ila tukumbuke kwamba siku hizi kila upande una bendera yake.

Jumanne, 1 Juni

Jinja. Mto Nile unatoka ziwani kwa kelele. Wenzangu walipiga magoti, wengine wakachota maji. Mimi nilisimama tu.

Chakula cha mchana kilikuwa obusuma, ugali wetu, na samaki. Wote walikula pamoja kivulini. Nilikula nyuma ya lori peke yangu, kwa sababu Silvano alikuwa kivulini. Yeye anakaa na watu, mimi najificha. Aliyemwacha binti yangu afe anakula kwa kujinafasi, na mimi mwenye msiba nalia kando kama mwizi wa kuku. Sikulia kwa kweli. Nilitafuna.

Jumatano, 2 Juni

Namugongo. Nilidhani ni mahali pa kutisha. Ni miti, nyasi, bwawa la maji, na watu wengi kuliko nilivyopata kuona.

Padre alituonyesha mahali pa moto. Waliviringishwa katika mikeka ya matete wakiwa hai, wakawekwa juu ya kuni. Mkuu wa wauaji alikuwa na kijana wake kati yao. Alimbembeleza aache dini, kijana akakataa. Padre aliisimulia vizuri. Watu walifuta machozi.

Mimi nilingoja aseme mama wa yule kijana alikuwa wapi. Hakusema. Nikamuuliza. Akasema vitabu havitaji.

Havitaji. Basi nitasema mimi. Alikuwa nyumbani, hakuambiwa kitu mpaka alipoona moshi. Halafu alimpikia yule baba chakula cha jioni kwa sababu ndiyo mila. Nimesali kwa yule mama, asiye na jina wala sanamu. Sikusali kwa mashahidi. Nilimwambia: wewe unajua. Kesho nisaidie.

Jioni nikampa Paskali nia yangu kwa mdomo. Akairudia ili asiisahau. "Mungu amripe Sirvano kwa yote aliyomtendea Skora." Macho yakamjaa maji. Akasema, "Mama, wewe ni mama kweri kweri."

Nilidhani ameogopa.

Alhamisi, 3 Juni

Siku yenyewe. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Misa yetu ya kikundi ilikuwa alfajiri kando ya bwawa kabla ya ile kubwa. Paskali akazitamka nia. Mvua, karo, uzazi, kazi ya mwana wa Felista. Yangu akaiweka mwisho. Akakohoa kwanza. Akasema, "Mama Skora, ambaye binti yake amerara, anaomba hivi: Mungu amripe Sirvano mkwe wake, kwa yote aliyomtendea Skora."

Mimi nikangoja magoti ya mtu yalegee.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Halafu mwingine. Halafu wote. "Amina! Amina!" Mama Felista akanikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi. Padre akashuka kutoka altareni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema hii ndiyo Injili. Akasema mama huyu amefiwa, na badala ya kutafuta mwenye kosa anamwombea mkwewe thawabu kwa wema aliomfanyia binti yake. Alisema neno hilo. Thawabu. Akasema tumekuja mbali kutafuta watakatifu kumbe tuliwapakia kwenye lori.

Wema! Nilifungua kinywa. Kigelegele kikanifunga.

Kutoka nyuma nikasikia ngoma ikianguka. Halafu mwanamume akilia kwa sauti. Niliijua sauti hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilitaka kugeuka nimtazame. Sikugeuka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia na kichwa kwanza.

Ijumaa, 4 Juni

Siwezi kupita bila kushikwa mkono. Wamenipa maziwa. Wamenipa kiti cha Padre. Kuna mzee wa kikundi kingine amekuja kuomba nimwekee mkono mgonjwa wake. Nikauweka. Ningefanya nini?

Nimemkasirikia Padre. Nimemkasirikia Paskali na machozi yake. Nimemkasirikia Bi Zuhura, neno lake lina pande mbili kama kanga na hakuniambia. Nimewakasirikia mashahidi, niliwaletea moto wakaupuliza ukawa mshumaa. Marehemu mume wangu alikuwa mkalimani wa korti wakati wa Waingereza. Alisemanga kwamba mtu hafungwi kwa alichokusudia, hufungwa kwa alichosema. Leo nimemwelewa.

Na yeye? Anatembea ameinama, watu wanampigapiga bega. Mkwe mwema! Mume mwema! Nimemsafisha mimi. Nimemwosha kwa mikono yangu mbele ya parokia nzima, akatoka mweupe.

Haitaisha hivi. Kuna njia ya zamani, isiyohitaji katekista wala maneno. Mama mkwe akisimama uso kwa uso na mkwewe, akafungua leso aliyojifunga, akabaki uchi mbele yake, huyo mtu amekwisha. Hana mifugo, hana watoto, hana usingizi. Hakuna anayeweza kuiita hiyo thawabu. Nyanya yangu aliiona ikifanywa mara moja tu, na boma lile sasa ni kichaka.

Kesho tunarudi. Lori litasimama mahali. Nitashuka, nitakwenda nyuma ya lori, nitafungua fundo. Leso niliyovaa ni ya Bi Zuhura. Vyema.

Jumamosi, 5 Juni

Gurudumu lilipasuka kabla ya kufika Busia. Watu wote wakashuka. Dereva akalala chini ya lori na spana. Nikajua ndiyo saa.

Nilikuwa nimeshika fundo. Nilitembea. Nilipopita magunia nikaona Mama Felista amesimama katikati ya njia, ametandaza leso yake kwa mikono miwili kama pazia la dirisha. Nyuma ya pazia kulikuwa na mgongo wa mtu. Amenipa kisogo, kichwa kimeinama, mkanda wa bluu umefumuka begani.

Felista akasema, "Simama hapo, mama. Ana neno. Atasema na mimi, mimi nikwambie."

Ndiyo adabu. Mkwe akiwa na jambo zito husema na mtu wa kati. Basi nikasimama, fundo mkononi.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi si kiziwi. "Mwambie mama, siku ile dada yangu alinipata uwanjani."

Felista akageuza shingo kwangu. "Anasema dada yake arimpata."

"Alinishika mkono. Aliniambia Skola anatoka damu. Nilisikia vizuri."

"Anasema arisikia."

"Nikamwambia angoje. Fahali wangu alikuwa anashinda."

Hapo Felista hakurudia. Pazia likatikisika. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia.

Miaka mitatu nimelitaka neno hilo. Nilidhani nikilipata nitapiga kelele. Sikupiga. Niliona nyasi za kando ya barabara, kila jani peke yake.

Akaendelea. Alikisia nakwenda Namugongo kumlaani. Alikuja ili laana imkute mbele ya Mungu, iishe, kwa sababu kungoja kumemchosha. Halafu akasikia namwombea malipo ya wema. Wema upi? Anaujua mwenyewe, hakuna. Akasema jambo hilo limemshinda. Angelaaniwa angelala. Akasema hana cha kunipa kinachofanana na nilichompa, isipokuwa mtoto. Mtoto aje akae na kukhu, nyanya yake, kwangu Amalemba, mpaka nitakapotaka mwenyewe. Sauti yake ilikatika kwenye jina la mtoto. Felista naye alikuwa akilia, hakurudia sawasawa, lakini nilikuwa nimesikia.

Ningeweza kusema. Neno moja tu: hukunielewa. Au ningefungua fundo. Pazia ni kitambaa tu.

Nikafikiri. Yule mtoto ndiye anayemwamsha asubuhi. Kila mtu Iguhu anasema Silvano haendi shambani bila kumbeba mabegani. Hakuoa tena kwa sababu yake. Anang'oa jino lake zima mwenyewe na kunipa mkononi, akidhani ni shukrani.

Nikamwambia Felista, "Mwambie nimekubali."

Nikarudi kukaa mbele. Fundo nimeliacha limefungwa. Nimeridhika. Naandika ukweli, nimeridhika vibaya.

Jumapili, 6 Juni

Nyumbani. Sikuenda misa. Nimemwambia Felista kiuno kinauma. Parokia nzima inaimba jina langu, wanasema.

Jumamosi, 19 Juni

Ameletwa.

Mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe. Silvano alisimama barabarani, nje ya ua. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia. Felista alikwenda kumpokea. Silvano alileta furushi la nguo, mkeka mdogo wa mtoto, na kuku mmoja, ingokho mweusi aliyefungwa miguu. Mtoto alimng'ang'ania baba yake shingoni. Ilibidi Felista amwachishe kidole kimoja kimoja. Akalia, "Baba! Baba!" mpaka majirani wakatoka.

Silvano akageuka akaondoka. Alipofika kwenye mfereji akachuchumaa. Alikaa hivyo, mikono kichwani, watu wakimpita. Nilimtazama muda wote. Mila inanikataza uso wake, haikunikataza mgongo.

Nilingoja utamu. Ulikuja. Siwezi kusema haukuja. Ulikuwa mdogo, ukaisha upesi, kama sukari guru kipande kimoja.

Amelipwa. Nilichokiomba nimekipata chote, na hakuna ajuaye kwamba nilikiomba.

Mtoto hakula. Alilala amekumbatia mkeka.

Jumapili, 20 Juni

Asubuhi ya baridi. Jogoo wa jirani, kengele ya kwanza, kikohozi cha Felista upande wa pili.

Nilimpikia uji wa wimbi. Alikaa kwenye kigoda cha mama yake, kile nilichokataa kukiuza. Hakunitazama. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akafumba macho kabisa, akasema haraka haraka kama mtu anayeogopa kusahau, "Mungu akulipe, kukhu."

Nikamuuliza nani amemfundisha.

Akasema baba. Tangu arudi kwenye safari wanasemanga hivyo kila wakipewa chakula. Baba alimwambia ni maneno ya kukhu, ndiyo mazuri kuliko yote.

Nilikaa chini. Sasa alikuwa akiniangalia, anangoja nijibu.

Nikamwambia anywe, uji unapoa.